Bei ya New York, kahawa ya Mbozi

Msimu wa kahawa ukianza huku Mbozi, kila dalali anayeshuka stendi ya Vwawa anakuja na "bei ya dunia" kwenye simu. Mimi ni karani wa chama cha msingi, kwa hiyo simu hizo huishia mezani kwangu. Swali langu la kwanza ni moja: hiyo bei ni ya soko gani? Kahawa aina ya arabika husomwa New York, kwa senti za dola kwa ratili, yaani pauni. Aina nyingine, robusta, husomwa London, kwa dola kwa tani. Kuna dalali alitaka kutushusha bei kwa namba za London, na sisi tunalima arabika. Nikamwambia, kaka, hiyo wapelekee Kagera, wenye robusta.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ni ratili 2.2046, hivyo soko likisoma senti 200 ni kama dola 4.41 kwa kilo. Ila hiyo ni ya kahawa safi. Mkulima wetu ana kahawa ya maganda, na kilo 100 zikikobolewa zinabaki 80 hivi. Bado hujagusa ukoboaji, usafiri wala ushuru. Wengi huishia kwenye zile senti, wakaanza kuitana wezi.

Bei mimi huzitazama kwa Shirika la Kahawa la Kimataifa, ICO, lenye makao London. Hugawa kahawa mafungu manne, na Tanzania tumo fungu moja na Colombia na Kenya. Si fungu la kuonewa huruma hilo.

Nikitaka kujua nani ananunua, naingia Trade Map, tovuti ya takwimu za biashara ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva. Ukitafuta "kahawa ya Mbozi" hupati kitu. Weka namba ya forodha, 090111, yaani kahawa isiyokaangwa, yenye kafeini yake. Kisha soma pande zote mbili, tulichoandika sisi tuliouza na walichoandika walionunua. Hazilingani, na mara nyingi ni kwa sababu mnunuzi amejumlisha nauli ya meli na bima.

Hapo ndipo utaikuta Japani. Kule arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, huruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata iliyotoka huku kwetu. Nilipomweleza mwenyekiti aliguna, akasema kama ni jina walilokosa, si wangeiita Kimondo, kwa lile jiwe letu la Mbozi lililoanguka kutoka angani.