Umechaguliwa kwenye Drafti ya MLB: Usaini au Uende Chuo?

Drafti ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ambamo klabu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, hufanyika Julai, na kijana aliyetoka sekondari hupata kama wiki mbili tu za kusaini au kukataa. Ndiyo maana uamuzi wenyewe hufanywa kabla. Familia hukaa na kukubaliana kiasi kimoja: kikifikiwa anasaini, kisipofikiwa anakwenda chuo. Maskauti, yaani wasaka vipaji wa klabu, watakiuliza mapema, na klabu hupanga chaguo zake kwa jibu hilo. Ukitaja dola milioni moja, kisha baada ya kuchaguliwa ukadai milioni moja na nusu, huenda klabu haina pa kuzitoa.

Drafti ina raundi 20. Kila nafasi katika 10 za mwanzo imepangiwa thamani, na jumla ya thamani hizo ndiyo mfuko wa klabu wa kusainisha wachezaji. Ikiuzidi mfuko kwa hadi asilimia 5, hutozwa kodi ya asilimia 75 ya ziada hiyo. Ikivuka hapo hupoteza pia chaguo la raundi ya kwanza mwaka unaofuata. Kwa hiyo fedha hupunguzwa huku zikaongezwa kule. Mwaka 2025 Washington Nationals walimchukua Eli Willits nafasi ya kwanza, yenye thamani ya takriban dola milioni 11.1, akasaini kwa milioni 8.2. Tofauti ya namna hiyo ndiyo huwavuta vijana wa raundi za baadaye.

Usiidharau raundi ya 11. Kuanzia hapo dola 150,000 za kwanza hazihesabiwi kwenye mfuko, na ukikataa, klabu haipotezi kitu mfukoni. Kwenye raundi 10 za mwanzo, ukikataa, thamani ya nafasi yako hufutwa. Hivyo kijana anayetaka bei kubwa mara nyingi huwekwa raundi ya 11, klabu ikisubiri kuona kitakachobaki mfukoni.

Sasa hesabu kinachoingia mkononi. Kwenye bonasi ya kusaini ya dola milioni moja, ondoa fungu la wakala, ambalo huweza kufika asilimia 5, na kodi ya serikali kuu, ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 37. Hubaki karibu dola 600,000, kabla ya kodi ya jimbo. Fedha hizo ndizo zitakazoziba pengo la mshahara: makubaliano ya 2023 yaliweka kima cha chini cha dola 19,800 kwa mwaka katika ligi za mazoezi za Florida na Arizona, na 35,800 katika Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu. Nyumba hulipiwa na klabu, lakini bado ni kipato chembamba.

Mkataba unaweza pia kuwa na kipengele cha masomo, yaani kijana kulipiwa chuo baadaye, na hapa wengi hujipunja. Jadilianeni idadi ya mihula na dola kwa kila muhula, mkikumbuka kwamba ada itapanda kabla hajarudi darasani. Malipo hayo hutozwa kodi, na haki hupotea asipoanza kusoma ndani ya miaka miwili baada ya kuacha mpira.

Akichagua chuo cha miaka minne, hatachaguliwa tena hadi amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Angalia tarehe ya kuzaliwa: anayetimiza 21 mapema huingia drafti akiwa mwaka wa pili, na kwa kuwa bado anaweza kurudi chuoni, ana nguvu ya kudai. Wa mwaka wa nne hana. Wengi wao husaini kwa fedha kidogo, na klabu huokoa mfuko wake. Kocha naye aulizwe ufadhili ni asilimia ngapi, wa miaka mingapi, na kama utaandikwa. Tangu msimu wa 2025–26 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya wa kugawana mapato na wanamichezo vina ukomo wa wachezaji 34, na ahadi ya mdomo haimlindi anayekatwa.

Kwa warushaji, majeraha ndiyo kiini cha suala. Mrushaji Gerrit Cole aliikataa klabu ya Yankees mwaka 2008, akaenda chuo cha UCLA, na 2011 akachaguliwa wa kwanza na kusaini kwa dola milioni 8. Mrushaji Brady Aiken, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2014, hakusaini na Houston Astros baada ya vipimo vya kiwiko kuzua mvutano. Mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji, akashuka hadi nafasi ya 17. Mimi ningemshauri mrushaji mwenye kasi asiikatae bonasi ya mamilioni, na mpigaji ambaye mwili bado unajaa aende chuo bila hofu kubwa.

Vipimo rasmi vya kabla ya drafti vina faida: anayevikubali huhakikishiwa ofa ya angalau asilimia 75 ya thamani ya nafasi yake. Na mkiikataa klabu, mlipeni wakala na kuvunja mkataba wake kabla kijana hajaanza masomo, la sivyo ustahiki wake wa kucheza chuoni utakuwa hatarini.