Mstari mmoja wa bool

Jumamosi, usiku sana.

Tangu asubuhi nimeshinda na mstari mmoja tu. Uko kwenye faili ya kichwa (header) ya maktaba yangu ya C, na niliuandika kwa mkono wangu miaka mingi iliyopita, kusema kwamba bool, aina ya thamani za kweli au si kweli, ni jina lingine tu la int, namba nzima:

typedef int bool;

Juzi mtumiaji mmoja alinijulisha kwamba maktaba haijengeki tena kwenye mashine yake mpya. Anatumia GCC 15, toleo la mwaka 2025 la kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu. Nilipousoma ujumbe wa hitilafu nikaelewa papo hapo. Toleo hilo, usipoliambia kitu, huusoma msimbo kwa kiwango cha C23, yaani sheria mpya za lugha ya C, na katika C23 bool ni neno la lugha yenyewe kama ilivyo int au while. Huna ruhusa ya kulipa maana yako. Mstari uliokuwa halali miaka yote hiyo umegeuka kosa, nami sijagusa hata herufi.

Nilitaka kuufuta na kuweka #include <stdbool.h>, faili iliyopo tangu C99. Kazi ya dakika mbili. Bahati nzuri nilisita, nikaanza kutafuta bool imetumika wapi na wapi. Nikakutana na hii:

struct rekodi {
    bool hai;
    bool imefutwa;
    int idadi;
};

Rekodi hizi huandikwa kwenye diski kama zilivyo, kwa fwrite. Kwa typedef yangu kila bool ni int, yaani baiti 4, kwa hiyo rekodi nzima ni baiti 12. Kwa bool halisi kila moja ni baiti 1 kwenye mashine ninazolenga, halafu linawekwa pengo la baiti 2 ili int ikae mahali pake, jumla baiti 8. Msimbo ungejengeka bila onyo hata moja. Kisha watu wangefungua mafaili yao ya zamani na kukuta takataka. Wazo hilo limenikaa kifuani siku nzima, maana yale ni mafaili ya watu walioniamini.

Kulikuwa na mtego wa pili. Funksheni moja inarudisha alama & 0x100 ikiwa na aina ya bool. Zamani, biti hiyo ikiwa imewashwa, ilirudisha 256, na mahali fulani matokeo yanalinganishwa na 256. Kwa bool halisi thamani yoyote isiyo sifuri hugeuka 1, na ulinganisho ule usingekuwa kweli tena.

Basi nimefanya hivi: ndani ya rekodi nimeweka int32_t, namba ya biti 32 kila mahali, kwa sababu kinachokwenda kwenye diski lazima kiwe na ukubwa niliouchagua mimi. Chini yake nimeongeza _Static_assert kwamba rekodi ni baiti 12, ili siku mtu akiibadilisha, kompaila igome mbele yake. Kwingine kote, bool ya kawaida, na ule ulinganisho nimeurekebisha.

Nasikia mara nyingi wenzangu wakilalamika kwamba matoleo mapya yanavunja kazi za watu. Mwaka 2015 GCC 5 ilihamisha kiwango chake cha kawaida kutoka gnu89 hadi gnu11. Mwaka 2020 GCC 10 ikaacha kuvumilia kigeugeu (variable) kilichotajwa kwenye faili ya kichwa bila extern, na viunganishi vikaanza kulia kwamba jina limefafanuliwa mara nyingi. Mwaka 2024 GCC 14 ikafanya kuita funksheni isiyotangazwa kuwa hitilafu, si onyo tena. Nami nililalamika, mpaka hiyo ya mwisho iliponionyesha kitu kwenye msimbo wangu.

Nilikuwa na funksheni inayorudisha kielekezi, na katika faili moja nilisahau kuingiza tangazo lake. Kwa sheria za zamani, kompaila ikikutana na jina isilolijua hudhani linarudisha int. Kielekezi cha biti 64 kikakatwa na kubaki biti 32. Kwenye mashine yangu anwani zilikuwa ndogo, zikaenea humo, kila kitu kikaenda vizuri. Kwa mtu mwingine programu ilikuwa ikianguka, nami nilikuwa nimemjibu kwamba tatizo liko kwake. Nimemwandikia kumwomba radhi.

Upande wa pili kuna wasioweza kusonga mbele. Yupo anayejenga kwa GCC 4.8, ya mwaka 2013, na mashine ile si yake kuibadilisha. Kwake, bila kutaja kiwango, hata for (int i = 0; ...) inakataliwa. Kwa hiyo nimeandika -std=gnu11 wazi kwenye faili ya ujenzi: 4.8 inaielewa, 15 inaielewa. Ingetosha kunyamazisha hitilafu ya juzi, lakini anayeingiza faili yangu ya kichwa ndani ya mradi wake huja na kiwango chake, si changu. Na -Werror, inayogeuza kila onyo kuwa hitilafu, nimeiondoa kwenye kifurushi ninachowapa watu. Nitabaki nayo mezani kwangu, ambako onyo jipya linanihusu mimi.

Jioni nilifagia pia ngazi za #if zinazouliza __GNUC__, yaani namba ya toleo la GCC, ni ngapi. Clang, kompaila nyingine, hujitambulisha kama GCC 4.2.1, hivyo ngazi zile zilikuwa zikiinyima vitu inavyovijua vyema. Sasa naiuliza kompaila yenyewe kama inakijua kitu fulani, kwa __has_attribute, lakini kwa mistari miwili: kwanza #ifdef, ndani yake #if. Ukiviunganisha kwa && kwenye mstari mmoja, 4.8 hukwama kwenye mabano kabla haijafika popote.

Saa hii nimejenga kwa 4.8, 9, 14, 15 na Clang. Kila moja nimeipa faili ya rekodi iliyoandikwa na toleo la zamani la maktaba. Zote zimeisoma, rekodi ya kwanza hadi ya mwisho. Kesho asubuhi namtumia yule wa GCC 15 kifurushi akijaribu kwanza, kabla sijakitoa kwa wengine.