Shangazi, napika uji

Kila Jumapili nikipita kwa shangazi kule Rau lazima aniulize lile lile, "We mtoto si ulishamaliza famasi? Miaka 4 chuo, mwaka mmoja intanshipu, sasa unasoma nini tena?" Zamani nilikuwa naanza kujieleza, masters, utafiti, fomula, mpaka chai inapoa. Siku hizi namjibu tu, shangazi, napika uji.

Na sio utani jamani. Vidonge vyangu vya paracetamol vinashikana kwa uji wa wanga wa mahindi, unakoroga wanga kwenye maji baridi kwanza alafu unamimina kwenye ya moto huku unakoroga, kama nyumbani kabisa, ndo unaloanisha unga wa dawa, unachekecha, unakausha, unaenda kugandamiza kwenye mashine. Bachi yangu ya kwanza uji ukawa na madonge. Vidonge vikatoka vinabanduka kofia, ukigusa tu juu panang'oka. Maabara nzima hapa Moshi walinicheka mwezi, eti madonge yamezaa vidonge.

Ila kilichonifunza ni disolusheni, kile kipimo cha kuona kidonge kinayeyuka kiasi gani. Vyombo 6, kila kimoja mililita 900 za bafa (maji yaliyotengenezwa ukali wake usibadilike) ya pH 5.8, joto nyuzi 37, kasia linazunguka mara 50 kwa dakika, na dakika 30 zikiisha unapima dawa iliyoyeyuka, kwenye raundi ya kwanza kila kidonge kinatakiwa kifike 85%. Vitano vikapita, cha sita kikaleta 61. Nikaona hiki kinaniharibia, ngoja nikirudie kimya kimya niandike namba mpya (msinihukumu, nilikuwa sijala tangu asubuhi).

Supavaiza akanikuta. Hakufoka, afadhali angefoka. Akauliza, "Ulikiangalia kilivyokuwa kinayeyuka?" Sikukiangalia, nilikuwa na simu.

Kesho yake nikachuchumaa mbele ya vyombo dakika zote 30. Kidonge kimoja kimejaa viputo vya hewa kama soda, kinanyanyuka, kinarudi chini, maji hayakifikii vizuri. Kumbe siku zote mbili sikuitoa hewa kwenye bafa, umeme ulikuwa umekatika asubuhi nikawa na haraka. Basi ile 61 ipo mpaka leo kwenye daftari, haijafutwa, pembeni nimeandika sababu, sahihi na tarehe. Tipeksi huku ni mwiko, ukikosea unapiga mstari mmoja ili kilichokosewa kisomeke.

Jumapili iliyopita nikamsimulia shangazi yale madonge ya bachi ya kwanza. Alicheka mpaka akafuta machozi na khanga, alafu akanyamaza kidogo akaniuliza, "Sasa wakati unamimina, maji yalikuwa yanachemka au yalishatulia?"

Nikatoa daftari kwenye begi nikarudi kurasa za mwanzo kabisa. Sikuandika.