Ushuru wa chuma na ajira zetu
Mimi ni fundi wa kuchomelea, na nikisikia ushuru wa bidhaa za nje unalinda ajira, huuliza: ajira za nani? Karakana yetu haiyeyushi chuma, inakinunua. Ushuru ulipopanda, wenye viwanda vya ndani nao wakapandisha bei, maana mshindani kashazuiwa mlangoni. Bomba za mraba zikawa ghali, wateja wa mageti wakaahirisha oda, na vijana wa zamu ya jioni wakasimamishwa kazi. Inauma sana. Hata Marekani, ilipotoza chuma cha nje asilimia 25 mwaka 2018, waliotumia chuma viwandani walikuwa wengi mno kuliko waliokizalisha. Kiwanda kichanga kilindwe, nakubali kabisa, ila kwa muda maalumu, na malighafi zisiguswe.