Windows 11 Home iliyong'ang'ania kwenye laptop mpya

Laptop ilikuja na Windows 11 Home, ila kazi zangu zinahitaji Pro, na leseni yake ninayo. Niliiwasha kwa flashi ya kusakinishia, lakini haikuniuliza toleo hata kidogo. Ikajiwekea Home tena. Kumbe ufunguo wa Home (msimbo wa leseni) huhifadhiwa kiwandani ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na kisakinishi huusoma na kujiamulia.

Dawa ni faili dogo la maandishi, ei.cfg, kwenye folda ya sources ndani ya flashi. Mistari miwili tu: Channel ndani ya mabano ya mraba, chini yake Retail. (Notepad, programu ya Windows ya kuandikia, hupenda kubandika .txt mwishoni, iondoe.)

Safari hii orodha ya matoleo ikatokea, nikachagua Pro, nikaingiza ufunguo wangu. Asiyetaka kufuta diski abadilishe ufunguo kwenye Settings, sehemu ya Activation.