Figo za mgonjwa wa UVIKO na mafua makali: ninavyozifuatilia wodini

Mgonjwa akilazwa kwa UVIKO-19 au influenza kali, macho yote huwa kwenye oksijeni. Figo hukumbukwa siku ya tatu au ya nne, karatasi ya maabara inaporudi na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) iliyopanda mara mbili. Kwangu huko ni kuchelewa. Kreatinini hufuata nyuma ya jeraha kwa saa 24 hadi 48, wakati mkojo ulishaanza kupungua tangu jana yake. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza ni jagi la plastiki lenye alama za mililita, na cha pili ni kalamu.

Hesabu ni nyepesi. Mtu mzima anatakiwa atoe angalau mililita 0.5 za mkojo kwa kila kilo ya uzito, kila saa. Mwenye kilo 60 ni mililita 30 kwa saa, yaani 180 kwa saa sita. Hiyo 180 naiandika kwa maandishi makubwa juu ya chati, kila mgonjwa na yake, ili muuguzi wa zamu asianze kupiga hesabu saa tisa usiku. Tunapima saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Mkojo ukiwa chini ya namba iliyoandikwa, daktari anaitwa palepale, hangojwi wa raundi ya asubuhi.

Mpira wa mkojo simwekei kila mtu, maana ni njia ya kuingizia vijidudu. Anayeweza kutumia kopo atumie kopo, na anayemuuguza anaambiwa mapema: "Mama, mzee akikojoa usimwage. Weka chini ya kitanda, sista atakuja kupima." Mpira ni wa asiyejitambua, aliye kwenye mashine ya kupumulia, au ambaye mkojo umeshapungua. Kabla ya kuuweka nachovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo, kwa sababu mpira ukikwaruza njia, damu itaonekana na hutajua imetoka wapi. Kijiti kikionyesha damu nyingi, lakini darubini haioni chembe nyekundu, nafikiria misuli iliyovunjika. Influenza na UVIKO zote mbili hufanya hivyo, na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Mkojo ukipungua pole pole, nalaumu figo. Ukikatika ghafla hadi sifuri, nalaumu mpira kwanza: umekunjwa chini ya paja, mfuko umewekwa kitandani juu ya usawa wa kibofu, au umeziba. Naminya juu ya kinena kuona kama kibofu kimejaa, kisha nasukuma maji ya chumvi safi ndani ya mpira kwa bomba la sindano la mililita 50. Kwa wazee wa kiume ambao hawana mpira, nauliza dawa za mafua walizomeza nyumbani. Baadhi yake hubana mkojo kwa mwenye tezi dume, na mtu anaonekana figo zimekufa kumbe kibofu kina lita nzima.

Kreatinini napima siku ya kulazwa, kisha kila siku kwa anayetumia oksijeni. Hapa wengi hudanganywa na alama ya "kawaida" kwenye karatasi. Mgonjwa aliyekuwa na mikromoli 80 kwa lita Jumatatu akafika 110 Jumatano anaweza kuwa bado ndani ya kiwango cha maabara, lakini kupanda kwa 26.5 au zaidi ndani ya saa 48 tayari ni jeraha la figo. Maabara inayotumia miligramu kwa desilita, kiwango hicho ni 0.3. Bibi aliyekonda huanzia chini sana kwa kuwa misuli ni kidogo, kwa hiyo 100 yake yaweza kuwa habari mbaya. Soma mwendo wa namba, usisome tu nyota ambayo maabara huweka kwenye namba isiyo ya kawaida.

Kwa nini figo huumia? Virusi vyenyewe vinaweza kuzidhuru, ila wodini nakutana zaidi na mambo ya kawaida: homa, kupumua haraka, kuharisha, kutokunywa, presha kushuka, oksijeni ndogo, damu kugandaganda, na dawa. Kuna sababu moja ya kipuuzi inayosahaulika. Mgonjwa mwenye barakoa ya oksijeni akiivua anywe maji, oksijeni inashuka, ndugu wanaogopa, hawampi tena. Dawa yake ni kumwekea mrija wa puani kwa muda wa kunywa, vikombe vidogo vidogo, na kila kikombe cha uji au chai kiingie kwenye chati. Deksamethasoni nayo, dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu (miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, kwa anayehitaji oksijeni) hupandisha sukari, na sukari ikipanda sana mgonjwa hukojoa hadi akaukiwe. Jagi litaonyesha mkojo mwingi huku mtu anakauka. Hapo jagi peke yake linadanganya, pima sukari. Na aliyejifukiza nyungu kutwa nzima nyumbani huku hali wala hanywi, nahesabu jasho lile lote kuwa ni maji aliyopoteza.

Dripu ndipo panapoharibika zaidi. "Lita tatu kwa siku" iliyoandikwa kwa mazoea ni hatari kwa mapafu yaliyovimba. Nampa maji ya dripu ya Ringa mililita 250 kwa dakika 15 hadi 30, kisha narudi mwenyewe kitandani: pumzi kwa dakika, oksijeni, presha, ubaridi wa vidole, na sauti za chini ya mapafu. Akiwa nafuu na bado mkavu, narudia. Pumzi zikiongezeka au akihitaji oksijeni zaidi, nafunga. Figo ambayo haikujibu baada ya presha kukaa sawa haitajibu kwa kuzamishwa. Furosemaidi haiponyi figo; kazi yake ni kutoa maji yaliyozidi. Naitumia pia kama kipimo kwa asiye mkavu: miligramu 1 kwa kilo kwenye mshipa, au 1.5 kama ameshawahi kuitumia. Akitoa chini ya mililita 200 kwa saa mbili, naanza kupiga simu kwenye kituo cha kusafisha damu bila kungoja kesho.

Dawa nazipitia upya kila asubuhi. Dawa za maumivu zinazoumiza figo, diklofenaki na ibuprofeni, zinaondoka siku ya kwanza, hata zile zilizo kwenye mkoba wa mgonjwa; parasetamoli inatosha. Gentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, haianzishwi kwa mazoea. Dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan nasimamisha mtu anapotapika, presha ikishuka au kreatinini ikipanda, lakini sizikati kwa kila mwenye UVIKO. Hofu ya mwaka 2020 kwamba dawa hizi huzidisha UVIKO ilijaribiwa, na kuziacha hakukuonekana kuwa na faida. Metformini ya kisukari inasubiri. Oseltamiviri, dawa ya influenza, inashushwa: uchujaji (kasi ya figo kusafisha damu, inayokadiriwa kwa kreatinini) ukiwa kati ya mililita 30 na 60 kwa dakika, ni miligramu 30 mara mbili kwa siku, kati ya 10 na 30, mara moja. Aliye chini ya 30 namhamishia heparini ya kawaida badala ya enoxaparin, zote za kuzuia damu kuganda. Na kumbuka, kreatinini inayopanda kila siku huifanya hesabu ya uchujaji ionekane nzuri kuliko ukweli.

Potasiamu ya damu, ambayo ikipanda huvuruga moyo, ikizidi milimoli 6.5 kwa lita, au ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikibadilika, sisubiri. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 kwa dakika 5 hadi 10, inarudiwa kama ECG haijatulia. Kisha insulini ya haraka yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25. Kosa la hapa ni kuondoka. Figo mbovu huchelewa kuitoa insulini mwilini, na sukari huweza kuanguka saa kadhaa baadaye, kwa hiyo pima kila saa kwa saa sita. Kama ECG ni safi na sampuli ilivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, toa damu nyingine kwanza, maana chembe zilizopasuka huipandisha potasiamu ya uongo.

Kusafisha damu kunahitajika kwa potasiamu isiyoshuka, maji kwenye mapafu yasiyotoka, asidi kali ya damu, au kuchanganyikiwa kunakoletwa na sumu za figo. Kuanza mapema bila sababu hizo hakuokoi zaidi. Ila simu ya mapema ni kitu kingine. Mgonjwa wa oksijeni anahitaji gari lenye mitungi ya kutosha, na damu ya UVIKO huganda kwenye kichujio, kwa hiyo kituo kinapaswa kuambiwa wajiandae. Katika hospitali za eneo la New York mwaka 2020, kati ya wagonjwa 5,449 wa UVIKO waliochunguzwa, asilimia 36.6 walipata jeraha la figo. Kwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia ilikuwa karibu 9 kati ya 10. Ndiyo maana siku ya kuweka mashine napima mkojo kila saa.

Anayeruhusiwa, karatasi yake iandikwe wazi kwamba figo ziliumia, pamoja na kreatinini ya siku ya kutoka. Nampa tarehe mbili: kreatinini baada ya wiki moja au mbili, kisha kreatinini na protini ya mkojo baada ya miezi mitatu. Dawa ya presha iliyosimamishwa naandika nani ataamua kuirudisha na lini, maana usipoandika, mmoja ataianza siku hiyohiyo ya kufika nyumbani na mwingine hataigusa tena.