Nilivyoacha kuogopa kuumbuka kazini

Cheti changu cha uhasibu, CPA, ni halali, nimekisotea. Lakini mwaka 2017, ilipotoka orodha ya watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti feki, nilikaa ofisini Posta, Dar es Salaam, moyo ukinienda mbio kana kwamba jina langu litasomwa. Na mimi ni wa kampuni binafsi! Kila bosi aliponiita nilijua leo ndiyo leo, wamegundua mimi ni kihiyo.

Ushauri ulikuwa uleule kila nilikouliza: jiamini, jifanye unajua, utazoea. Nauchukia mpaka leo.

Siku moja kikaoni bosi akauliza: mtaalamu wetu wa Nairobi anadai shilingi milioni 8, tumkate kodi ya zuio kiasi gani, ile anayokata mlipaji kabla ya kulipa? Wote wakanigeukia. Sikuwa na uhakika, lakini nikaukumbuka ule ushauri, nikakaza sauti: "Asilimia 5." Wakaandika, tukalipa. Jioni ile nilipanda mwendokasi ya Kimara nikiwa mwepesi kabisa, nikaamini nimepona. Wiki mbili baadaye dada wa malipo, mkongwe pale ofisini, akaja na karatasi. Hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye neno "Nairobi", akaningoja. Asilimia 5 ni ya mtoa huduma mkazi. Asiye mkazi ni 15. Tulikata laki 4 badala ya milioni 1 na laki 2. Ile laki 8 ilitoka kwa kampuni, maana mwenye hela kashaondoka nazo na mamlaka ya mapato, TRA, inamdai aliyepaswa kukata.

Nilimweleza dada yule yote, hadi la kujiona kihiyo. Akavuta droo, akatoa kitabu cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kurasa zimelegea. "Mdogo wangu, hii naifungua kila mwezi. Ulidhani nimeikariri?"

Miaka yote nilidhani anaikariri.

Usiku nikaperuzi, nikakuta wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliiandika hali hii tangu 1978, baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa lakini wakaamini wamewahadaa watu tu. Nililia kwa nafuu.

Nikanunua kaunta buku, elfu mbili tatu hivi. Kushoto naandika nisichojua, kulia jibu na kifungu chake. Kwanza nilijaribu kuandika sifa ninazopewa. Hazikunisaidia, niliona watu wananionea huruma. Majibu niliyoyatafuta mwenyewe siwezi kuyabishia. Na kikaoni nasema: "Nipeni dakika kumi nihakikishe." Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Bosi akasema "sawa", akaenda ajenda inayofuata.

Tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani ya VAT, tumbo bado linakaza. Lakini niko kaunta buku la tatu, na malipo yote ya watoa huduma wa nje ya nchi sasa yanapita kwanza mezani kwangu.